Faida ni ya nani, hasara ni ya nani?

*Hotuba iliyotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, walimu na wanafunzi. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria.*

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha wetu, walimu, mama zangu wa vikundi mliokuja na madaftari yenu mikononi, vijana wa skuli na vyuo: nakushukuruni kwa kunialika. Mada niliyopewa ni soko la fedha na maadili. Nilipoipokea nilijua kuna watu wa aina mbili watakaonisubiri humu ukumbini. Wa kwanza anataka nimwambie kwamba soko la fedha lote ni ujanja wa wazungu, na sisi tukishika dini yetu tumesalimika. Wa pili anataka nimwambie biashara ni biashara, mambo ya maadili tuwaachie masheikh siku ya Ijumaa. Wote wawili leo nitawaudhi kidogo, na naomba radhi mapema.

Kazi yangu maisha yote imekuwa kukagua hesabu za watu. Katika kazi hiyo nimebakiwa na swali moja, na leo nitalirudia mpaka mlichoke. Ukitaka kujua kama biashara ya fedha ina maadili, usianze kuuliza imeandikwaje, wala nani kaibariki. Uliza: hasara ikija, itamwangukia nani? Na huyo mtu yupo wakati faida inagawanywa?

Tuanzie nyumbani.

Ukitoka bandarini Unguja ukafuata njia ya pwani kuelekea Forodhani, unapita jengo refu lenye balkoni za mbao zilizochongwa kwa ustadi wa ajabu. Watalii hawamalizi kulipiga picha. Ujenzi wake ulianza 1887, na aliyetoa fedha ni Tharia Topan, tajiri wa Kiismaili kutoka Kutch, ambaye aliwahi kusimamia forodha ya Sultani. Alikusudia iwe hospitali ya maskini. Alifariki 1891 na jengo halijamalizika. Mtu wa kheri, au siyo?

Sasa mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akimkopesha Hamed bin Muhammed, ambaye nyote mnamjua kwa jina la Tippu Tip. Misafara ya Tippu Tip ilifika mpaka Kongo kutafuta pembe za ndovu. Na msafara una gharama: nguo za merikani, shanga, bunduki, baruti, mamia ya wapagazi. Hizo fedha zitatoka wapi? Zilikopwa mjini. Unachukua bidhaa kwa deni, unakwenda bara miaka, unarudi na pembe, unalipa na ziada. Hayo ni mambo ya mtaji na mkopo. Soko la fedha tulikuwa nalo Unguja kabla hatujajua benki ni kitu gani.

Na nyuma ya pembe zile mnajua kilikuwepo nini. Wako wapagazi waliolipwa ujira wao, Wanyamwezi mashuhuri kwa kazi hiyo. Lakini wako pia waliotekwa, na vijiji vilivyochomwa moto. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa visiwani mpaka 1897.

Pembe zikaenda wapi? Nyingi zilikwenda Marekani, jimbo la Connecticut, katika miji midogo ya Deep River na Ivoryton. Mji wa pili jina lake lenyewe limetokana na pembe. Huko zilipasuliwa vipande vyembamba vikabandikwa kwenye vinanda vya piano. Binti anakaa sebuleni kwao jioni, anapiga nyimbo za kanisa. Yeye hakumteka mtu. Mwenye kiwanda hakumfunga mtu mnyororo. Nahodha alibeba mzigo wenye hati. Na Tharia Topan alikuwa ofisini kwake mjini, anaandika daftari lake vizuri.

Basi nani aliyetenda? Hebu niambieni. Nani?

Kila mmoja ana jibu. Mimi nilikopesha tu. Mimi nilisafirisha tu. Mimi nilinunua tu. Na kila mmoja, kwa upande wake, anasema kweli! Huo ndio ustadi wa soko, ndugu zangu. Dhambi haikupungua hata chembe, ila iligawanywa mafungu madogo madogo, na fungu la kila mtu likawa jepesi kiasi cha kuweza kulala nalo usingizi.

Mtasema hayo ni ya kale. Nakupeni ya juzi.

Mwaka 2013 wachumi wawili wa Kijerumani, Armin Falk na Nora Szech, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi. Walichukua panya wa maabara, ambao walikuwa wauawe kwa sababu hawahitajiki tena. Mwanafunzi anaambiwa: chukua euro 10 na panya huyu auawe, au acha fedha na panya aishi miaka yake yote akitunzwa. Najua panya hana mtetezi hapa Pemba, hasa kwa mwenye ghala la mpunga, lakini nivumilieni. Walipoulizwa mmoja mmoja, karibu 46 katika kila 100 walichukua fedha.

Kisha wakatengeneza soko. Mmoja anapewa panya, mwengine anapewa euro 20, wapatane bei. Wakikubaliana wanagawana fedha na panya anakufa. Panya ni wale wale, na wanafunzi ni wa aina ile ile. Safari hii waliokubali panya afe kwa euro 10 au pungufu walifika 72 katika kila 100.

Kimebadilika nini? Amepatikana mtu wa pili. Amepatikana mtu wa kupatana naye, na wanaopatana macho yao yako kwenye bei. Na moyoni kuna ile sauti tunayoijua sote: nisipouza mimi atauza mwengine.

Sasa tulete watu elfu badala ya wawili. Hapo tumefika 2008.

Marekani ilikuwa na watu wengi waliopewa mikopo ya nyumba bila ya uwezo wa kuilipa. Kwa nini mkopeshaji ampe mkopo mtu asiyeweza kulipa? Kwetu hapa, mama wa kikundi akimkopesha jirani yake anamjua mpaka mume wake anafanya kazi gani. Mkopeshaji wa kule alikuwa hakai tena na mkopo ule kama wake. Anautoa leo, kesho anauuza kwa benki kubwa, ada yake amekwishatia mfukoni. Benki nayo inaichanganya mikopo maelfu, inaikata vipande, inaviuza vipande vile kwa mifuko ya pensheni na benki za nchi nyengine. Kampuni za kupima ubora wa madeni zinaviweka daraja la juu kabisa, na zinalipwa na yule yule muuzaji anayetaka daraja. Kampuni ya bima inakuja kuweka dhamana juu ya yote, bila ya kutenga fedha za kutosha endapo mambo yataharibika.

Nyinyi ni watu wa karafuu, mtanielewa haraka. Mtu akichanganya karafuu mbichi na makonyo katikati ya gunia, akaweka zilizokauka vizuri juu, na gunia likapita mikono mitano bila ya mtu kulifungua, wa sita ndiye atakayekuta ukungu. Tofauti ni kwamba hapa kwetu gunia linafunguliwa kituoni mbele ya macho yako. Kule lilikuwa linasomwa kibandiko tu.

Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers, yenye umri wa miaka 158, ilitangaza kufilisika ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 600. Siku moja baadaye serikali ya Marekani ilikubali kuikopesha kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85 isianguke. Watu mamilioni walipoteza nyumba. Na waliopokea ada na bonasi miaka yote ile ya nyuma? Bonasi hairudishwi. Faida ilikuwa yao, hasara ikawa ya watu wengine, na wengi wa hao watu wengine hawakuwahi kualikwa kwenye faida.

Rudini kwenye swali langu. Hasara ikija, itamwangukia nani?

Swali hili sikulibuni mimi. Walimu wa dini waliomo humu wanaijua hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie: *al-kharaju bidh-dhaman*. Mapato ni ya yule anayebeba dhamana. Kitu kikiwa mikononi mwako, kikiharibika ni hasara yako, basi na matunda yake ni halali yako. Usiyebeba hasara, faida unaidai kwa hoja gani?

Hapo naona yule rafiki yangu wa kwanza anatabasamu. Anasema: si nilisema mimi! Subiri, bwana. Zamu yako imefika.

Tulifanya nini sisi wenyewe hapa visiwani, karne ya kumi na tisa na ya ishirini, tukiwa na dini yetu kamili na makadhi wetu?

Mwenye shamba la mikarafuu anahitaji fedha. Mvua imekataa, au ana harusi ya kifahari, au anataka kupanua shamba. Tajiri mjini anazo. Riba ni haramu, hilo kila mtu analijua. Kwa hivyo wakaitumia bei ya khiyari. Tuseme mwenye shamba "anamuuzia" tajiri shamba lake kwa riale 1,000, kwa sharti kwamba akizirudisha zile riale katika muda waliopatana, shamba ni lake tena. Mpaka hapo sawa. Lakini mwenye shamba haondoki! Anabaki humo humo, analipalilia, anachuma karafuu, na kila mwaka anamlipa tajiri "kodi" ya shamba ambalo jana lilikuwa lake. Kodi inapangwa kwa kufuata ukubwa wa fedha alizopewa, wala haitazami shamba limezaa kiasi gani. Msimu ukikosa, kodi iko pale pale. Mikarafuu ikianguka, kodi iko pale pale.

Hiyo ni kodi? Au ni riba iliyovaa kanzu na kilemba?

Hati iliandikwa, mashahidi walikuwepo, na kila neno lilikuwa neno la sharia. Aliyeandika alijua. Aliyetia saini alijua. Na sitaki mtu aondoke hapa akidhani namsema Mhindi. Walikopesha Wahindi, walikopesha Waarabu, na waliokopa walikuwa radhi, maana na wao walitaka fedha bila ya kuonekana wanakula haramu. Ujanja ule ulikuwa wa pande mbili.

Matokeo yake mnayajua wazee. Bei ya karafuu ilipoporomoka, madeni yalibaki na urefu wake ule ule. Kufikia 1934 serikali ya kikoloni ililazimika kutunga sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasiendelee kuhamia mikononi mwa wadai. Miaka mitatu baadaye ikaipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu mamlaka ya peke yake juu ya usafirishaji, wafanyabiashara wa Kihindi wakaigomea biashara ya karafuu, na chama cha Congress kule India kikawaunga mkono mpaka yakapatikana mapatano 1938. Ni kisa kirefu, na chuki zake hazikuishia kwenye karafuu. Leo sikifuati.

Ninachokitaka ni hiki. Leo tuna benki zenye huduma za Kiislamu. Benki ya Watu wa Zanzibar ilifungua dirisha lake 2011, mwaka ule ule Amana Bank ilipoanza Dar es Salaam. Serikali ya Mapinduzi nayo imetoa sukuk, yaani hati za uwekezaji zinazofuata sharia ya Kiislamu. Nafurahi, na fedha zangu nyengine ziko humo humo. Lakini mtu akikuletea mkataba wa murabaha wa pikipiki, kwamba benki inanunua kisha inakuuzia kwa faida inayojulikana, usikomee kwenye jina la Kiarabu. Muulize swali moja tu: pikipiki ikiungua baada ya benki kuinunua na kabla ya mimi kukabidhiwa, hasara ni ya nani? Akikujibu, ni ya benki, na imeandikwa hivyo, hiyo ni biashara. Akianza kuzungukazunguka, basi bei ya khiyari imerudi, safari hii na kompyuta.

Na sisi kwa sisi? Mtu ana mgonjwa hospitali, msimu haujafika. Jirani yake anamnunulia karafuu zikiwa bado changa mtini, kwa nusu ya bei. Tunasema amemsaidia. Amemsaidia kweli? Sina haja ya kujibu, mnanitazama kama mnaojua majina.

Nizungumze kidogo juu ya faini, kwa sababu najua katika madaftari yenu kuna ukurasa wa faini.

Huko Haifa, Israel, watafiti wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walizichunguza skuli kumi za watoto wadogo. Wazee walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto wao, na mwalimu anakaa anasubiri. Katika baadhi ya skuli ikawekwa faini ndogo. Mnadhani kuchelewa kulipungua? Kuliongezeka, karibu mara mbili. Utafiti ulichapishwa 2000, na mpaka leo wachumi wanaubishania. Mimi naona sababu yake iko wazi. Mwanzo mzazi alikuwa anamwonea haya mwalimu. Ilipokuja faini, haya ikaondoka, maana sasa ameshalipia. Baya zaidi, faini ilipofutwa, haya haikurudi.

Kwa hivyo mama zangu, mkiweka shilingi elfu moja kwa anayechelewesha rejesho, hakikisheni hamjamuuzia ruhusa ya kuchelewa. Kuna vikundi nilivyoviona ambavyo aliyechelewa anasimama kikaoni anaeleza sababu, na inapokuwa ni maradhi wenziwe wanachangishana. Huko malipo yanakwenda vizuri kuliko penye faini kubwa.

Na kwenye benki kubwa ni hivyo hivyo, kwa tarakimu nyingi zaidi. Mwaka 2012 benki ya Barclays ilitozwa pauni milioni 290 na mamlaka za Uingereza na Marekani, kwa sababu watu wake walikuwa wakipotosha kiwango cha riba cha Libor. Kiwango hicho ndicho kilichotumika kupangia mikopo mingi duniani, na kilitokana na tarakimu ambazo mabenki yenyewe yalizitaja kila siku. Mfanyabiashara wa benki anamwomba mwenziwe ashushe kidogo au apandishe kidogo, ili dau lake lipate. Faini ikalipwa. Na nani? Benki, yaani wenye hisa, na humo mna mifuko ya pensheni ya walimu na manesi ambao hawakuwahi kumjua hata huyo mfanyabiashara.

La mwisho, kisha nakuachieni.

Tusijidanganye kwamba mkosaji lazima awe tajiri. Mnaikumbuka DECI? Bara, mpaka serikali ilipoisimamisha 2009, watu maelfu kwa maelfu walipeleka fedha kwa lugha nzuri ya kupanda mbegu na kuvuna. Viongozi wake walikuwa wachungaji. Hapakuwa na shamba wala mbegu: aliyevuna alilipwa fedha za aliyepanda nyuma yake. Na upatu wa namna hiyo haukuishia kwa DECI, wala haukuishia bara. Siku hizi unakuja kwenye simu, na anayekuletea ni mtoto wa shangazi yako.

Tunawahurumia waliopoteza, na ni haki. Lakini niulize jambo lisilopendeza. Wale waliovuna mapema, wakanunua bati, wakalipa ada za watoto, fedha zile zilikuwa za nani? Ni wangapi walihisi mahali moyoni kwamba haiwezekani, wakasema nitoke kabla haijaanguka? Kutoka kabla haijaanguka maana yake ni kumwachia mwengine imwangukie. Faida kwangu, hasara kwa yule wa nyuma ambaye simjui. Ni yale yale ya Marekani 2008, ila kwa shilingi elfu hamsini hamsini.

Mzee mmoja amenishika mkono mlangoni asubuhi, akaniuliza: basi niliyouza karafuu, fedha zangu nizifukie chini? Nisinunue hata hisa?

Hapana, mzee wangu. Nunua. Soko la Hisa la Dar es Salaam linafanya biashara tokea 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa ya gesi ya oksijeni, na leo unaweza kununua kwa simu ukiwa Micheweni. Hisa ina sifa moja ninayoipenda: kampuni ikipata, nawe unapata, ikipoteza, nawe umo. Hakuna aliyekuahidi asilimia yoyote. Lakini ukinunua, umekuwa mwenyewe, na mwenyewe hasemi sikujua. Tazama kampuni inauza nini, kisha uamue kama unataka kula humo. Inamlipa vipi mfanyakazi wake? Wakulima wanaoiuzia wanapata nini? Kila mwaka inaitisha mkutano mkuu, na mwenye hisa moja anaingia kama mwenye milioni, anauliza. Nimehudhuria mikutano hiyo. Watu wanasinzia, wanasubiri chakula, wanapiga kura ya ndiyo. Nendeni nyinyi mkaulize.

Na mimi niulizeni sasa. Yupo mama pale nyuma ameinua mkono tokea kwenye panya.